Kitenzi Kilichobaki Kidole

Kwa Mhariri Mkuu,
Ofisi ya Kamusi,
Ghorofa ya juu kabisa (nasikia kwenu kuna lifti).

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KITENZI "KULAIKI"

Naamini barua hii itakukuta mzima, umeketi mezani pako, na miwani yako iko juu ya kichwa, mahali pekee ambapo huwa huitafuti. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja, na huyo ndiye sababu ya kukuandikia.

Kwanza nijitambulishe, kama tangazo lenu linavyotaka. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Lugha sikuisomea. Vilevile ni dada yako mkubwa, ila jambo hilo naomba uliweke kando mpaka mwisho wa barua, maana ndilo lililoniponza. Kama dada, nimekuandikia ujumbe baada ya ujumbe tangu Mama avunjike nyonga, na kila mara umenijibu kwa kidole gumba kilichosimama. Juzi nilikuwa namfungia mteja sketi kwenye gazeti la zamani, nikaona tangazo la ofisi yako: msomaji yeyote atakayeleta neno lenye utata, pamoja na mifano ya linavyotumika, atajibiwa kwa maandishi na Mhariri mwenyewe. Chini ya tangazo palikuwa na jibu lako kwa mwalimu mmoja aliyeuliza kuhusu kitenzi hikihiki. Safu mbili nzima, ndugu yangu, kwa mtu usiyemjua hata sura. Mteja ilibidi nimtafutie mfuko mwingine, gazeti nikabaki nalo. Nikajiambia, kumbe huyu mtu anajibu, ni mimi tu niliyekosea mlango. Ndiyo maana leo naja kama msomaji.

Jibu lako kwa mwalimu nimelisoma hadi nimelihifadhi. Ulieleza kwamba Waingereza wa kale walikitumia kitenzi hiki kinyume na leo: si mtu aliyekipenda kitu, bali kitu ndicho kilichompendeza mtu. Ukachimba zaidi, ukasema mzizi wake wa zamani kabisa ni neno lililomaanisha umbo, yaani mwili. Mwili mzima, wenye mabega na miguu. Uliongeza kwamba mara nyingi mwili huo ulikuwa wa maiti, lakini hapo nilipita haraka kwa sababu ya hali ya nyumbani. Halafu ukamalizia kwamba siku hizi kitenzi kimeingia kwetu na kuvaa nguo za Kiswahili, tunalaiki, tumelaiki, tutalaiki, na maana yake ni "kuonyesha kupendezwa na jambo lililowekwa mtandaoni".

Hapo ndipo nilipoweka mkasi chini. Kwa heshima na taadhima, Ndugu Mhariri, maana hiyo si ya kweli, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Siku Mama alipoteleza bafuni, niliandika kwenye kundi la ukoo, lile linaloitwa Damu Moja: Mama ameanguka, nyonga imevunjika, tuko hospitali. Mjomba Hewani, ambaye tulimpa jina hilo kwa kuwa hashuki mtandaoni, alilaiki kabla sijaweka nukta. Shangazi akalaiki. Binamu wote wakalaiki, hata yule anayedai kila siku kwamba hana bando. Nawe ukalaiki. Muuguzi aliyekuwa amesimama nyuma yangu aliona vidole vikichipuka kwenye simu, akauliza kama ni habari ya harusi. Kwa mujibu wa kamusi yako, ukoo wetu ulipendezwa na nyonga ya Mama. Mimi niliwatetea. Nilimwambia kwetu ndivyo tunavyolia.

2. Mama alipandishwa juu na wanaume wanne wa hospitali, wakamlaza, wakaondoka na machela yao. Wa kumpandisha walikuwepo. Wa kumshusha hakuna. Daktari amesema lazima apelekwe kliniki ya mazoezi, ile ya mtaa wa pili, la sivyo mguu utasahau kazi yake. Tangu wakati huo Mama hajakanyaga ardhi. Dunia anaijua kwa dirisha la jikoni, ambalo linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji machafu.

Sikukaa bure. Nilichukua kiti cha kulia chakula, kile ulichokitafuna mguu ulipokuwa unaota meno, nikakipigilia mbao mbili za kushikia, nikakishonea mikanda ya mabegi ya shule ili asiteleze. Kiti kinataka watu watatu: mmoja kulia, mmoja kushoto, na mimi mbele kuushika mguu mbovu usining'inie, maana ngazi zetu unazijua, zinakata kona ghafla na kipande cha chuma cha kushikia kimeng'oka. Fundi Bomba, jirani yetu wa ghorofa ya chini, amekubali kushika kulia. Kushoto hakuna mtu. Tulijaribu kuokoa hali. Nilikipakia kiti marobota ya vitambaa yenye uzito wa Mama, Fundi akashika kulia, kushoto tukafunga kamba kwenye chuma kilichobaki. Marobota yalifika chini kabla yetu.

Basi nikakipiga picha kiti, nikakiweka kwenye kundi, nikaandika: Natafuta mtu wa kushika kushoto. Vidole vilimiminika. Shangazi akaongeza maua. Binamu mmoja aliuliza kama naweza kumtengenezea viti sita vya namna hiyo, ila bila mikanda. Kidole chako kilikuwa cha tatu kufika. Mtu wa kushoto mpaka leo hajafika.

3. Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikadhani basi vingi vitamvunja. Nimevitazama vidole vyote vya Damu Moja, kwa wingi wake vingetosha kuhamisha kabati lenye vyombo, na chawa bado anatembea kifua mbele. Nilimuuliza Mjomba Hewani kwa nini analaiki kila kitu. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, mrefu, na nyuma yake redio inaunguruma: mwanangu, nikinyamaza utasema nimekutupa, nikiandika nitakosea maneno, kidole hakikosei. Nikamwandikia, sawa mjomba, na kiti je? Akalaiki.

4. Kitenzi hiki kinaua vitenzi vingine, na hili linakuhusu kikazi. Zamani ikisikika kwamba fulani mgonjwa, watu walikuja, waliketi, waliuliza, walikoroga uji, waliinua, waligeuza, walifua. Vitenzi vyote hivyo umeviweka kwenye kamusi yako kana kwamba bado viko hai. Baba alipougua, Mjomba Hewani, wakati huo hajapaa bado, alikuja kukaa nasi. Alimaliza sukari. Alikoroma mpaka vikombe vikagongana kabatini. Alinifundisha kupiga pasi, mimi ninayeishi kwa pasi. Nilimchukia, sikufichi. Lakini kila asubuhi alimwinua Baba kitandani kwa mikono yake miwili, akamkalisha, akamfuta mdomo, akamwuliza ameota nini. Leo ningempa sukari pamoja na kopo lake.

5. Nikaona nisishindane na wakati. Kama kitenzi kimekubalika, basi kikubalike kote. Mwalimu mkuu aliuliza sare za darasa la kwanza zitakuwa tayari lini, nikamlaiki. Alisubiri weee, mwishowe akapanda ngazi zote akihema, na hakuja kunipongeza. Mteja aliyelalamika kwamba suruali ya mwanawe ina mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, nikamlaiki, naye amehamia kwa fundi mwingine. Kliniki wakaandika kuuliza mbona mgonjwa haji. Nikawalaiki kwa moyo mkunjufu. Wakanipigia simu. Dada wa mapokezi aliniambia kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa pili, kwamba kidole hakifanyi mazoezi kwa niaba ya mguu, mguu uje wenyewe. Nilimuuliza kama hajasoma kamusi.

Unaona tatizo lilipo. Kitenzi hiki kinafanya kazi kwa ndugu tu. Watu baki wanataka mtu aje.

6. La mwisho ni la Mama mwenyewe. Nilimpa simu yangu ya zamani ili asichoke na ukuta wa jirani. Alipoviona vidole mara ya kwanza aliniuliza hawa wote wanaonyesha nini huko juu, au dari linavuja? Nikamweleza kwamba maana yake wamesikia. Akasema hilo la kusikia ameelewa, sasa wako wapi. Siku hizi amezoea. Akiamka usingizi wa mchana huniita nimshikie simu mbali kidogo na macho, akitafute kidole chako, ambacho anakitambua kwa ile picha yako ndogo yenye miwani. Jana alisema umekonda. Picha ni ileile ya miaka yote. Nilimuuliza yeye anakielewaje hicho kidole, akasema maana yake anayo, ila kwa kuwa mwanawe ndiye mwenye kamusi, hataki kumwingilia kazi.

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, maana iliyopo ifutwe, na badala yake iandikwe: "kulaiki: kupita kwenye shida ya ndugu bila kupunguza mwendo." Kama nafasi inatosha, muongeze mfano wa matumizi: Mama alianguka, wakalaiki.

Pili, kama ofisi inautilia shaka ushahidi wangu, kwa kuwa mimi ni mshonaji tu, basi Mhariri aje afanye utafiti mahali kitenzi kinapotumika. Nimeandaa kila kitu. Utafiti utafanyika Jumamosi ijayo asubuhi, ngazini. Mtafiti hatahitaji kalamu kwa sababu mikono yake yote itakuwa na kazi. Atasimama upande wa kushoto wa kiti. Atavaa viatu visivyoteleza. Malazi yapo: kitanda chake cha zamani kwa sasa kimelaliwa na marobota ya vitambaa, yaleyale yaliyoanguka, lakini yanahamishika.

Tatu, kama Mhariri amebanwa na kazi na hawezi kuja, sitamsumbua. Atume kidole tu. Ila safari hii kije kidole chenyewe, si picha yake. Kwa usalama wa safari naomba kifungashwe kikiwa bado kimeshikana na kiganja, kiganja na mkono, mkono na bega, na bega na vyote vinavyokwenda nalo, ikiwemo miguu miwili ya kupandia basi. Hapo kitenzi kitakuwa kimerudi kwenye ule mzizi wake uliomweleza mwalimu kwa safu mbili, nami nitayafuta malalamiko yangu siku hiyohiyo.

Kwa kumbukumbu za ofisi tu, bila kumlaumu mtu. Kuna mtoto aliyewahi kuvunjika mguu kwenye ngazi hizi kwa sababu alikuwa anashuka huku anasoma. Alifungwa plasta hadi pajani. Muhula mzima Mama alimshusha mgongoni asubuhi na kumpandisha mgongoni mchana ili asikose masomo, na njiani mtoto huyo alikuwa anamsomea maneno magumu sikioni, naye Mama anaitikia tu, eee, eee, huku anatafuta pa kukanyaga. Hakuna aliyemlaiki. Mtoto huyo baadaye alipata ofisi yenye lifti.

Nimechoka, ndugu yangu. Hili si la kamusi. Namgeuza peke yangu, namwogesha peke yangu, kisha nakaa kwenye cherehani, sindano inanichoma mimi badala ya kitambaa. Kuna siku nilimfokea Mama kwa sababu aliomba maji nikiwa ndio kwanza nimeketi. Akanywa nusu, akasema yametosha, asante, na najua hayakutosha. Sitaki pongezi. Sitaki maua ya shangazi. Nataka mtu wa kushika kushoto.

Nasubiri jibu la maandishi kama tangazo linavyoahidi. Kwangu safu moja inatosha. Nisalimie wifi yangu na watoto. Msalimie katibu wako aliyeniambia kwenye simu kwamba uko kikaoni, na umsalimie tena, maana kesho yake aliniambia kikao bado. Isalimie lifti. Fundi Bomba anakusalimu kwa mkono wa kulia. Mama anakusalimu, na ngazi zinakusalimu moja moja, kutoka juu hadi chini.

Ni mimi, niliyebaki na cherehani na kiti,
Msomaji wako wa ghorofa ya tatu
(na kwa kuwa sasa tumefika mwisho: dada yako)

Tanbihi. Kabla sijaituma barua hii kwa baruapepe ya ofisi, Fundi Bomba amegonga mlango. Amekuja na mama muuza mkaa wa pale kona, ambaye hana simu ya kulaikia wala hayumo katika kundi lolote. Alisikia kwa Fundi kwamba kuna kiti kinasubiri mtu. Akafuta mikono kwenye aproni, akashika kushoto. Hata uzito hakuuliza. Tumemshusha Mama, Ndugu Mhariri. Kwenye ile kona mbaya alitutukana kidogo, nikajua yu mzima. Sasa hivi ameketi getini, nyayo ziko chini kwenye vumbi, jua linampiga magotini, na tayari amekwisha kumgombeza mwendesha baiskeli mmoja.

Nilimpiga picha nikaiweka kwenye Damu Moja. Mjomba Hewani amelaiki, shangazi amelaiki, binamu wote wamelaiki, na safari hii sioni ubaya, maana kweli inapendeza. Kwa hili ulichomwandikia mwalimu kimesimama sawasawa. Ni kidole chako tu ambacho hakijaonekana, na kidole chako hakijawahi kuchelewa.

Taabu ni hii. Mama muuza mkaa ana wateja wanamsubiri, Fundi ana bomba lililopasuka nyumbani kwa watu, na Mama anakataa kupandishwa. Ndipo aliponitajia hatimaye ile maana yake: anayebonyeza ni yule asiyekuja. Huyu hajabonyeza, basi yuko njiani. Nimemwambia labda uko kikaoni, labda simu imezima. Hanisikii. Ameniomba kitana, amejichana, ameomba na kiti kigeuzwe kielekee kituo cha basi.

Kwa hiyo naomba uachane na malalamiko yangu yote, la kwanza hadi la sita, na maombi yote. Kama uko njiani, usiiguse simu, njoo tu. Kama hauko njiani, nakusihi ulaiki sasa hivi, nimwonyeshe, akubali kupanda.